Pete za Ukutani

Mjini kwao hakukuwa na harusi ya maana ambayo Mama Mapambo hakuipamba. Jina hilo alipewa na wateja, likamkaa vizuri mpaka watoto wa majirani walidhani ndilo alilozaliwa nalo. Alianza na cherehani ya mkono aliyoachiwa na shangazi yake, akishona sare za shule na kupunguza suruali za wanaume walionunua bila kujipima. Kisha binamu yake akaolewa, na ukumbi ulikuwa mkavu kama chumba cha mtihani. Yeye akashusha mapazia ya nyumbani kwake, akayafua, akayapiga pasi, akayafunga ukutani kwa mikunjo ambayo bibi harusi alipoiona alisahau kutembea. Tangu siku hiyo kazi zikamfuata zenyewe.

Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwepesi wa miguu. Pini zilishinda mdomoni mwake tangu asubuhi mpaka jioni, na alizungumza nazo hivyo hivyo, na wateja wakazoea kumsikia akiongea kwa pembe moja ya mdomo. Mumewe alifariki mtoto wao wa pekee, binti, akiwa bado hajaanza shule. Akajikaza kisabuni. Alikopita na vitambaa vyake, mtoto alikuwa nyuma yake na kopo la pini.

Kilomita sita nje ya mji palikuwa na nyumba kubwa ya zamani, ya lililokuwa shamba la miwa. Miwa yenyewe ilikwisha kitambo. Ilibaki nyumba, na veranda yake iliyozunguka pande zote, na ngazi pana za mawe. Kampuni moja iliinunua, ikaipaka rangi nyeupe, ikamweka meneja, ikaanza kuikodisha kwa sherehe. Nyuma ya nyumba lilikuwepo jengo la mawe, refu, lisilo na madirisha ila vitundu vidogo karibu na paa. Nje jua likichoma, mle ndani ni ubaridi mtupu. Meneja alisafisha sakafu, akaweka taa, akaliita Chumba cha Mawe. Baada ya miaka michache, maharusi walikuwa wakipigania tarehe.

Aliyekipa sifa chumba kile ni Mama Mapambo, na hilo kila mtu alilijua. Kuta zake zilikuwa ngumu, msumari ulipinda kabla ya kuingia. Lakini pande zote mbili, kila baada ya hatua mbili, kulikuwa na pete za chuma zilizozamishwa ndani ya mawe, kubwa kama mdomo wa kikombe. Safu moja ilikuwa usawa wa kifua. Nyingine ilikuwa chini, karibu na goti. Mama Mapambo alipoziona mara ya kwanza nusura azibusu. Za juu alizifunga vitambaa, za chini akazifunga tepe na taa ndogo ndogo, na picha za harusi hizo zikaenda hadi kwa watu wasiojua hata mji huo uko wapi.

"Hizi zilikuwa za nini?" alimwuliza meneja, mwaka ule wa kwanza.

"Za punda," meneja akajibu. "Palikuwa zizi."

"Basi punda hao walilala pazuri kuliko mimi," akasema, na wote wawili wakacheka. Akapanda ngazi, akaendelea na kazi.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na minane iliyopita. Binti yake alikuwa darasa la kwanza. Kazi ikiwa ndefu, mama alimkunjia mabaki ya vitambaa, akamlaza palepale sakafuni, kando ya ukuta, penye ubaridi mzuri.

Sasa binti yule amekuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, mwembamba, mkimya, asiyependa makeke. Alipochumbiwa, mama yake alimwuliza anataka harusi iwe wapi, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Kwetu, wapi tena?" binti akasema. Alimaanisha Chumba cha Mawe.

Mama Mapambo alishona kwa miezi mitatu. Kitambaa cha rangi ya maziwa, upindo wa mkono, hakuna mshono hata mmoja wa mashine mahali pa kuonekana. Kwa wateja hajawahi kufanya hivyo, na alikiri mwenyewe. Ilipobaki wiki tano, wakaenda siku ya Alhamisi asubuhi kupima ukuta upya, kwa sababu mapambo haya yalikuwa mazito kuliko yote. Yeye kawaida alifika kule Ijumaa tu, akaondoka Jumapili. Siku za katikati ya wiki hakuzijua.

Walimkosa meneja. Mlinzi akasema amekwenda mjini na ufunguo ameuacha kwa Mwalimu, anayetembeza wageni siku za katikati ya wiki. Wakamkuta Mwalimu kwenye veranda. Alikuwa mama mmoja mstaafu, aliyefundisha historia kwa miaka mingi, mdogo wa mwili, miwani imefungwa kamba shingoni, na kikohozi kilichomkatiza kila sentensi ya tatu. Mbele yake walisimama watu kama kumi na wawili wenye kofia na chupa za maji.

"Ufunguo ninao," akawaambia, "lakini kule ndiko tunakoishia. Fuataneni nasi, msisimame juani."

Wakafuata, kwa adabu tu. Mama Mapambo alisikiliza kwa sikio moja, jicho likiwa kwenye mapazia ya nyumba, akisema moyoni kwamba aliyeyashona haya ya sasa hajui kazi. Mwalimu alieleza kuhusu kengele kubwa ya uani iliyopigwa kabla ya mapambazuko. Alieleza kuhusu kinu, na jinsi shoka lilivyowekwa kando yake, kwa sababu mtu akishikwa mkono na magurudumu ya kinu, mkono ndio uliokatwa, kinu hakikusimamishwa. Hapo sikio la pili la Mama Mapambo likafunguka.

"Watumwa," akamnong'oneza binti yake. "Kumbe hata hapa?"

Si kwamba hakuwahi kusikia. Shuleni alifundishwa, akajibu maswali, akafaulu. Lakini alivyojua yeye, mambo hayo yalikuwa ya mahali pengine, kwenye kurasa zenye michoro ya watu wasio na sura. Hakuwahi kuyaweka mahali alipowahi kuegemea ngazi yake.

Wakazunguka nyuma ya nyumba. Mlangoni pa Chumba cha Mawe Mama Mapambo akasimama ghafla, mtu wa nyuma akamgonga. Kulia, kwenye misumari miwili ya fremu ya mlango anayoijua kama vidole vyake, mahali ambapo kila Ijumaa hutundika kioo cha bibi harusi, palikuwa na bango. Lilikuwa na maandishi mengi. Yeye alisoma mstari wa juu tu: *Hapa walifungiwa watu.*

"Mwalimu," akasema, "hili limewekwa lini?"

"Lina miaka saba."

"Mbona sijawahi kuliona?"

"Huondolewa Ijumaa asubuhi. Jumatatu nalirudisha mimi, kwa mkono wangu." Mwalimu akakohoa, akaingiza ufunguo. "Wanasema linaharibu picha."

Ndani taa hazikuwashwa. Palikuwa na mwanga wa vitundu vya juu tu, na chumba kilionekana kirefu zaidi, kana kwamba si kile alichokizoea. Mwalimu hakupaza sauti. Alisema watu waliokatishwa miwa mchana walirudishwa humu jioni, wakafungwa, wakafunguliwa kengele ilipolia. Idadi iliyoandikwa mwaka mmoja ilikuwa watu themanini na saba, katika chumba ambacho Mama Mapambo alijua kwamba ukiweka viti mia moja wageni hulalamika. Wanaume walikuwa upande huu, wanawake upande ule. Waliopata homa walibaki na wenzao. Waliojifungua, walijifungulia humu.

"Na hizi," Mwalimu akasema, akiweka kiganja kwenye pete ya juu, "ndizo za minyororo. Mkono mmoja ulifungwa hapa. Tazameni jiwe lililo chini yake."

Chini ya kila pete jiwe lilikuwa na bonde dogo, laini, limelika. Mama Mapambo hakuhitaji kutazama. Alilijua kila bonde. Alikuwa akiweka vyungu vya maua mbele ya mabonde hayo, kwa sababu kwenye picha yalitoa kivuli. Siku moja alipitisha kidole ndani ya mojawapo, akashangaa ulaini, akadhani punda walijikuna hapo.

Mmoja wa wageni, kijana mwenye kamera, akainama kwenye pete ya chini. "Mwalimu, hiki je? Kimefungwa kitu hapa. Ni utepe?"

Ulikuwa utepe wa rangi ya waridi, wa harusi ya majuzi. Fundo lilikuwa lake. Hakuna mwingine mjini anayefunga fundo lile.

"Mambo ya harusi," Mwalimu akasema bila kumtazama mtu. "Wakodishaji wa wikiendi."

Damu ilimpanda Mama Mapambo usoni, kisha ikamshuka yote. Pini mbili zilikuwa bado mdomoni, akazitema kiganjani.

Mwalimu akatoa mkobani karatasi iliyonakiliwa kutoka kwenye daftari la shamba, akaipitisha kwa wageni. Hakukuwa na majina. Aliyeandika hakuona haja ya jina. Kulikuwa na kazi, umri wa kukisia, na dosari. *Mkata miwa, jicho moja. Mkata miwa, mtoro, amepigwa chapa. Mpishi, mzee. Mshonaji, mwanamke, kama miaka thelathini, mguu wa kushoto mbovu.* Karatasi ilipomfikia, macho yake yakanasa kwenye mstari huo wa nne, yasibanduke.

"Huyu alishona nini?" akauliza. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Mapazia ya nyumba kubwa. Nguo za mabibi. Kulikuwa na sherehe nyingi pale juu." Mwalimu akavua miwani, akaifuta. "Mguu uliharibika baada ya kutoroka mara ya kwanza. Hilo limeandikwa kwenye ukurasa mwingine. Na jioni alirudishwa humu kama wengine."

Kisha akafungua kitambaa, akatoa kipande cha chuma kilichopatikana chini ya sakafu wakati wa kuweka taa. Kilikuwa duara lililovunjika upande mmoja, lenye kutu, zito kuliko lilivyoonekana. Kila mtu alikishika kidogo na kumpa wa pili. Kilipotua mkononi mwa Mama Mapambo, vidole vyake vikakizunguka vyenyewe. Mtu aliyeshona sare kwa miaka mingi kiasi hicho hahitaji futi. Anashika kitu na kipimo kinakuja.

"Hii ni ya mtoto," akasema. "Wa darasa la kwanza."

Mwalimu akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Ni pingu ya mguu," akasema taratibu. "Safu ya chini ilikuwa ya watoto. Tulikadiria miaka sita au saba. Wewe umejuaje?"

Mama Mapambo alikuwa ameinua macho kumtafuta binti yake, na binti yake alikuwa anatazama sakafu, mahali fulani kando ya ukuta wa kushoto, chini ya pete ya tatu. Mama Mapambo akapajua mahali hapo. Akauona mto wa mabaki ya vitambaa, na viatu vidogo vya shule vimepangwa vizuri pembeni. Akakiachia kile chuma, akaelekea mlangoni. Mgeni mmoja akakidaka, binti akamfuata mama.

Nje alikaa kwenye ngazi za mawe, akatapika kando, kwa aibu, kama mtu aliyekunywa. Binti alimshikilia kichwa. Alikuwa bado amekaa hapo meneja alipoingia na gari lake, akashuka akitabasamu.

"Mama Mapambo! Joto hili, eh? Nisamehe kwa kuchelewa. Twende tukapime?"

"Uliniambia punda," akasema.

Meneja akatazama kundi la wageni waliokuwa wakitoka kimya kimya, akaelewa. Akachuchumaa mbele yake, akapunguza sauti kama anayembembeleza mtoto mchanga.

"Mama, hayo ni ya kale. Waliofanya wamekufa, waliofanyiwa wamekufa. Sisi tumepageuza mahali pa furaha. Si ndiyo vizuri?"

"Ulijua siku ile ile nilipokuuliza?"

"Ningekuambia, ungepamba?"

Alimtazama usoni. Alimjua miaka kumi na minane. Alikuwa mtu wa utani, aliyemletea Mama Mapambo pole mama yake mzazi alipolazwa, na alikuwa anauliza swali hilo bila hila yoyote, kama mtu anayeuliza kama utakunywa chai. Hilo ndilo lililomtisha kupita pingu. Akanyanyuka, akajipangusa, akaenda kwenye gari bila kuaga.

Nyumbani, mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na ushei, alikuwa kibarazani akichambua mboga. Mama Mapambo akamweleza yote kwa pumzi moja, akilia na kujikatiza. Bibi aliendelea kuchambua. Alipomaliza kusikia, akasema:

"Bibi yangu mimi alikuwa hapiti njia ile. Alizunguka kwa juu, mwendo wa saa nzima zaidi. Sisi watoto tulidhani anaogopa mbwa. Tulimcheka."

"Wewe hukujua?"

"Siku moja aliniambia." Bibi akaweka sinia chini. "Hakuniambia mengi. Alisema kule watu walifungwa, na kwamba mama yake hakutaka patajwe."

"Mama! Nimefanya kazi kule miaka yote hii. Na mjukuu wako nikimlaza mle!"

"Ulikuwa mjane, una mtoto, umepata kazi," bibi akasema. "Nikuambie nini? Uache?"

Mama Mapambo akakaa kwenye kizingiti. Siku hiyo kila aliyemgeukia alikuwa anajua, isipokuwa yeye, na kila mmoja alikuwa amenyamaza kwa sababu iliyoingia akilini. Hakujua amkasirikie nani.

Binti alikuwa ameketi mezani na boksi la kadi za mwaliko, zilizotoka kwa mpiga chapa juma lile. Mama alitarajia mabishano. Kadi zimechapwa, wakwe wamekubali, bwana harusi ameshaomba ruhusa kazini. Yeye mwenyewe hakuwa na uhakika atasema nini. Binti akachomoa kadi moja, akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma majibu ya vipimo vya mgonjwa.

"*Watafunga pingu za maisha katika Chumba cha Mawe.*"

Akairudisha. Akafunika boksi.

"Nitampigia mwenzangu simu sasa hivi," akasema. "Mama, mimi siwezi. Hata nikifumba macho siwezi."

Mama mkwe hakuelewa. Alisema mambo ya mashetani ya zamani yasiwasumbue vijana waliosoma. Bwana harusi alikuja mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ukumbi wa shule aliyosoma utafaa. Wakafunga ndoa kule, chini ya paa la mabati lililopiga kelele mvua iliponyesha. Vitambaa vya rangi ya maziwa vilining'inia kwenye nyaya alizofunga fundi umeme, vikalegea upande mmoja. Mama Mapambo aliviona vimelegea, akaviacha.

Lakini kabla ya harusi hiyo alirudi shambani mara moja, Alhamisi, na ngazi yake na koleo. Mwalimu alimfungulia. Alifungua kila waya aliouacha, kila uzi, kila kipande cha utepe kilichosalia, pete moja baada ya nyingine, safu ya juu kwanza. Kwenye safu ya chini ilibidi apige magoti. Kazi ya dakika ishirini ilimchukua asubuhi nzima, kwa sababu kwenye kila pete alisimama. Mwalimu alikaa mlangoni, akikohoa.

Wateja wengine aliwapigia simu. Bibi harusi mmoja wa miaka ya nyuma alilia naye. Mwingine alisema, "Kwa nini unaniambia? Picha zangu ziko ukutani sebuleni," akakata, na hawajasalimiana tena. Meneja alimpata mpambaji mwingine kabla ya mwezi kwisha. Baada ya barua za Mwalimu na za wale wageni wa siku ile, kampuni ilikubali Chumba cha Mawe kisitumike tena kwa sherehe. Nyumba kubwa yenyewe inakodishwa mpaka leo, na Jumamosi muziki husikika hadi barabarani.

Siku hizi Alhamisi moja moja, Mwalimu kikohozi kikimzidi, Mama Mapambo huenda kumsaidia. Si mzungumzaji wa mambo hayo, hana tarehe kichwani, na mara nyingi hukwama katikati. Anachoweza ni kuwaeleza wageni alichofanya humo kwa miaka kumi na minane. Alifunga nini, wapi, kwa rangi gani. Wapo wanaocheka kwa kukosa la kufanya. Wapo wanaotoka nje.

Juzi mwanamke mmoja wa makamo alimkabili. "Na hukuuliza?"

"Niliuliza mara moja," akasema. "Nikapewa jibu la kuchekesha. Nikacheka."

Mwanamke yule akaendelea kumtazama, akingoja zaidi. Hakukuwa na zaidi. Mwalimu akawaita wote warudi verandani, nao wakatoka mmoja mmoja, wakikinga macho yao na jua.